Macho Mbele, Akili kwa Mama Chola

Ninyi madereva vijana wa karakana yetu, mliniomba kabla sijaondoka niwaandikie namna ya kutunza breki. Sawa. Breki hukaguliwa kila Jumatatu asubuhi, injini ikiwa bado baridi, na anayeona uvivu kulala chini ya lori siku hiyo atakuja kulala chini yake siku nyingine bila kupenda. Ya breki yamekwisha. Sasa nawaandikia jambo ambalo hamkuniuliza.

Mwezi uliopita nilirudisha funguo, tukapeana mikono, nikapewa saa ya ukutani. Saa! Miaka yote nilipokuwa na pa kuwahi hakuna aliyenipa hata mshale wa dakika. Leo sina pa kwenda, na ninajua kamili ni saa ngapi siendi. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara yangu ilikuwa na haya, haikupenda kuonekana mbele za watu.

Nilifika Elisabethville kutoka upande wa Luapula, kijana mwenye shati moja na maneno mengi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha malori. Siku hizo lori likirudi kutoka safari ya kiangazi lilikuwa limebeba udongo mwekundu wa kutosha kujengea nyumba ya vyumba viwili, na nadhani kuna mtaa mzima huko Kenya, ile kata yetu ya mjini, uliojengwa kwa udongo niliouosha mimi. Aliyenitoa kwenye ndoo akaniweka kwenye usukani ni Papa Ilunga, dereva mkuu wetu, mtu wa Kaskazini, Mkatoliki wa kusali kabla ya kuwasha injini na kusali tena ikiwaka. Alikuwa mwembamba kama fimbo ya kupimia mafuta na alisema maneno machache kama yeye ndiye aliyekuwa akiyalipia.

Somo lake la kwanza lilikuwa juu ya manivela, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini kwa mbele.

"Kidole kikubwa, weka upande moja na bandugu yake," akaniambia. "Usizungushe chuma nayo."

"Juu ya nini, Papa?" nikamwuliza sababu.

"Zungusha, utaona juu ya nini."

Nilizungusha vile alivyonikataza, maana nilikuwa na akili nyingi. Injini ikarusha teke. Lori lile lilikuwa na mateke kuliko punda kumi waliokosana na mwenyewe. Nilitembea na mkono kifuani majuma matatu, na hadi leo kidole hicho kinatabiri mvua kuliko wamisionari na vyombo vyao.

Lakini nilijifunza. Lori la zamani lilikuwa mwalimu mkali. Usukani ulivuta kulia kama ng'ombe aliyeona maji. Gia hazikuingia bila kusikilizwa, ilibidi utege sikio kwenye sauti ya injini kama daktari anayesikiliza kifua, na ukikosea, meno ya gia yalipiga kelele hadi watu wa Kipushi, mji wa jirani, wakageuka kutazama. Mkono mmoja usukani, mmoja gia, mguu mmoja klachi, mguu mmoja breki, na kama ungekuwa na mguu wa tatu, lori lingeupatia kazi. Huko ndani hapakuwa na nafasi ya kufikiria hata jina la mkeo.

Wakati wa vita petroli ilipungua, wakatufungia mapipa ya kuchoma makaa ubavuni mwa lori, injini ikala moshi. Tulikuwa madereva na wapishi kwa pamoja. Kwenye mwinuko wowote, hata ule usioonekana kwa macho, abiria walishuka wakasukuma wakiimba, na wengine walifika kazini kabla ya lori lenyewe. Niliporudi nyumbani nilikuwa mweusi kuliko nilivyozaliwa, mke wangu akaniomba niseme neno kwanza ndipo afungue mlango. Ni miaka hiyohiyo niliyokwenda masomo ya jioni kwa wamisionari, nikaketi dawati moja na watoto wa rafiki zangu, nikatoka na cheti chenye muhuri mkubwa kama sahani ya bukari, ugali wetu. Kumbukeni cheti hicho kilivyonivimbisha kichwa, maana kichwa ndicho ninachotaka kuwaeleza.

Baada ya vita likaja lori jipya.

Wenzangu, lori lile! Unabonyeza kidude, injini inawaka. Unagusa breki kwa ncha ya kiatu, linasimama. Kiti kilikuwa laini, nikasita kuketi nikidhani ni cha Bwana. Bwana huyo ni mkuu wa karakana, tuliyemwita Bwana Kiko kwa sababu ya kiko chake. Alitufundisha usalama barabarani kila mwanzo wa mwezi, akituonya tusitoe macho njiani, kisha akiondoka aliendesha kwa magoti ili mikono yote miwili iwashe kiko. Tuliomba Mungu awape watu wa mjini miguu myepesi.

Nilipewa lori hilo jipya, lenye mabenchi nyuma, kazi yangu kubeba mafundi thelathini na wanne, waashi na maseremala, kutoka Kenya hadi Karavia walikokuwa wanajenga nyumba za wakubwa. Kenya hadi Karavia, Karavia hadi Kenya. Baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kupigana na usukani, nilikuwa nimekaa kama chifu. Mikono ilifanya kazi yenyewe, miguu nayo yenyewe. Basi kichwa kikabaki hakina kazi. Kichwa kisicho na kazi hutafuta.

Changu kilimpata Mama Chola.

Mwaka ule mama huyu alifungua biashara ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, pale barabara yetu ilipokata njia ya reli. Mjane, mnene, sauti yake ingeweza kusimamisha treni bila bendera. Siku ya pili tu akajua kwa watu kwamba mimi ni wa ukoo wa Mbuzi. Yeye ni wa Chui. Kwetu Luapula koo hizi mbili ni watani, banungwe tunavyosema. Chui akimtukana Mbuzi, Mbuzi hawezi kukasirika. Lakini hawezi pia kunyamaza! Kunyamaza ni kumwambia mtani wako: sikujui, wewe si mtu wangu. Na huwezi kumwambia hivyo, kwa sababu Mbuzi akifa, Chui ndio wanaochimba kaburi na kumlaza humo. Unamtukana leo anayekuzika kesho. Ndiyo heshima yenyewe.

Kwa hiyo lori likikaribia reli na kupunguza mwendo, Mama Chola alisimama na kata yake mkononi, akaanza na kamioni, yaani lori langu:

"Weye Mbuzi! Kamioni iko nakuendesha, ao weye njo iko naendesha kamioni?"

Nami kupitia dirishani: "Mama Chui, munkoyo yako hata nzi banaikunywa bakifunga macho!"

"Angalieni masikio ya huyu! Ile njo masikio, ao njo milango ya kamioni?"

Mafundi nyuma walikufa kwa kicheko. Walifanya ligi. Seremala mmoja alichora kwa chaki kwenye ubao wa benchi: Mbuzi ngapi, Chui ngapi. Mafundi wa malori mengine waliomba kuhamia kwangu. Nawaambia kweli, hapakuwa na sinema Elisabethville iliyojaa kama lori langu.

Siku moja Mama Chola akanipiga pale pabaya. Lori lilikuwa limeshamaliza kuvuka reli, siwezi kurudi, akarusha:

"Mbuzi ilienda masomo ya jioni! Asubuhi ikakula daftari!"

Walicheka hadi Karavia. Walicheka wakipanga matofali. Jioni nikiwarudisha walikuwa bado wanacheka, na mmoja aliniletea kipande cha karatasi ya saruji, akaniuliza kama ninaona njaa. Cheti changu, chenye muhuri wa sahani ya bukari! Nililala ninatafuta jibu. Niliamka ninalitafuta.

Asubuhi ile jua lilikuwa zuri, barabara kavu, breki nzima. Nilitoka Kenya mikono miwili usukanini, macho mbele. Liandikeni neno hilo: macho mbele. Sikuwa nimewasha kiko, sikuwa ninaongea na mtu. Nilikuwa ninatunga. Nilianza na Chui asiyejua kuhesabu madoa yake, nikaliacha, ni dogo. Nikajaribu Chui aliyekwenda shuleni akamla mwalimu. Hilo lilikuwa na nyama! Sasa nililipanga vizuri, lije kwa mpigo, mwalimu aje mwisho ili kicheko kianguke palepale.

Nikaona bendera nyekundu. Naapa niliiona. Mzee Lubinda, mlinzi wa reli, alikuwa amesimama katikati ya barabara akiipeperusha, na mimi nilimtazama yeye na bendera yake, nikapita na sentensi yangu. Nyekundu ile haikunifikia, ilisimama nje ya macho kama mgeni aliyebisha hodi nyumba ambayo mwenyewe ametoka.

Kilichonirudisha ni filimbi ya treni. Nilikanyaga breki na kuvuta usukani kwa pamoja. Lori liliacha barabara. Mzee Lubinda aliruka, mtu wa miaka sitini aliruka kama panzi, akaangukia vyungu vya munkoyo. Lori nalo likamfuata, likasimama kwenye meza ya Mama Chola, na treni ya makaa ikapita nyuma yetu. Seremala wa chaki aliyekaa benchi la mwisho aliniambia baadaye kwamba angeweza kuwashia sigara kwenye injini ile bila kunyoosha mkono. Nami ndiye ninayetia chumvi katika hadithi zetu. Yeye hakuwa mtu wa chumvi.

Hakuna aliyeumia. Mzee Lubinda alisimama akichuruzika munkoyo toka kofia hadi viatu, bendera bado mkononi. Watu thelathini na wanne walishuka mmojammoja. Nikamngoja Mama Chola anitukane, na nilikuwa ninamwomba moyoni anitukane. Alikuja hadi mlangoni, akaweka mkono juu ya bati la lori.

"Miye njo ningekuzika," akasema polepole.

Kisha akainama kuokota vigae vya vyungu.

Bwana Kiko alikuja na daftari. Akawauliza mafundi: dereva alikuwa anatazama wapi?

"Mbele, Bwana."

"Alikuwa anaongea?"

"Hapana, Bwana. Alinyamaza kabisa."

Wote thelathini na wanne walisema hivyo, na wote walisema kweli. Mzee Lubinda naye akasema: "Alinitazama macho kwa macho, Bwana. Kisha akakuja." Bwana Kiko akakuna kichwa, akaandika kwamba breki ziliharibika, akawasha kiko akaenda zake.

Papa Ilunga ndiye aliyelala chini ya lori kuzitazama. Alikuwa ameshazeeka, mvi hadi nyusi, ila bado dereva mkuu. Alikaa huko chini muda mrefu. Alipotoka akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

"Freni iko muzima," akasema. "Sasa, mugonjwa ni nani?"

Nikamweleza yote. Cheti, daftari, mwalimu aliyeliwa. Hakucheka. Nilitamani acheke.

"Ulitoka mu kamioni," akasema, "na bantu yote bakabakia mule pekee yabo. Mukono yako ilibakia pa volani, lakini weye ulishuka. Kuanzia kesho nitakaa pembeni yako mwezi moja. Siku nitaona umeshuka tena na kamioni iko natembea, weye mwenyewe utachukua permi yako, utapeleka kwa Bwana, utamwambia: mugonjwa haiko freni, ni miye. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu, wenzangu. Permi ile, leseni yangu ya udereva, nilikuwa nimeipata kwa kidole kilichovunjika. Na nilijua kwamba Papa Ilunga hakuhitaji kunishitaki. Kama ningeshuka tena ningejua mwenyewe, na hapo ningebeba vipi watu?

Akanipa dawa. Iliniaibisha kuliko kuosha malori: niiseme barabara kwa sauti. Kila kilichokuwa mbele nikitaje kabla hakijafika.

"Mama na beseni kichwani," nikaanza. "Mbwa. Kichuguu. Baiskeli, baiskeli nyingine. Mtu anatafuta kitu mfukoni, hajatazama njia."

"Na kule?"

"Kule wapi?"

"Mbuzi wa kweli mu majani, kushoto. Bandugu yako. Ungemuua."

Mafundi nyuma walipokea kama litania kanisani. Nikisema "Baiskeli," wao: "Utuombee!" Siku ya kwanza nilifika Karavia koo limekauka na kichwa kimechoka kama nimelima shamba la heka kumi. Hapo nikatambua: miezi mingi nilikuwa ninaendesha bila kufanya kazi yoyote.

Lakini Mama Chola je? Nilikuwa nimempelekea vyungu vipya, akavipokea. Siku ya tatu alipona mshtuko, akarudi pale pake, akarusha tusi zuri kabisa juu ya kofia yangu. Nikasema, "Reli. Bendera imekunjwa. Mzee Lubinda. Mtoto na mpira," nikapita. Siku ya nne vilevile. Siku ya tano Mama Chola alitugeuzia mgongo. Mgongo mpana ule, nilihisi umefunga njia yote! Jumamosi wazee wa ukoo wangu wa Mbuzi wakanijia nyumbani wakiwa na nyuso za msiba.

"Umenyamazia Chui siku tatu," mkubwa wao akaniambia. "Siku tukikufa, tutazikwa na nani? Na Kampuni inayokulipa?"

Jumapili baada ya misa nikaenda kwa miguu hadi kwa Mama Chola. Alikuwa anachuja munkoyo, hakuinua kichwa.

"Mama, nakuomba..."

"Unaniomba?" Sasa akainua. "Mbuzi anaomba Chui? Tangu lini? Sema, miye niko nasikia, minataka nicheke."

Nikamweleza Papa Ilunga alivyosema, na mwezi, na permi. Nikamwomba awe ananitukana lori likisimama tu. Alichuja chungu kizima kwanza.

"Kukuzika iko kazi yangu," akasema mwishowe. "Ile najua. Lakini siku haiyafika, na jembe yangu iko kwa fundi. Miye nilikuona siku ile, weye. Nilikuona uso. Macho ilikuwa kwa Lubinda, akili ilikuwa kwangu miye. Treni inakuja, na weye uko natafuta namna ya kunishinda miye!"

"Ni kweli, Mama."

"Basi, sitanyamaza. Chui hanyamazi. Ile ni sheria yetu. Sheria yako, tutaifanya hivi: ukijibu na magurudumu inazunguka, umeshindwa. Ikisimama, jibu. Na siku ya mwisho ya mwezi yako nitapanda mu ile kamioni, nitakaa nyuma yako, nitakutukana tangu Kenya mupaka Karavia. Ukigeuza kichwa, ukifungua kinywa kunijibu, miye mwenyewe nitaambia Ilunga: mumutoe pa volani. Sitaki kukuzika vibaya."

Basi habari ikaenea. Naona hadi mji wa Jadotville ilifika. Mwezi mzima nilitaja baiskeli na mbwa, na kila asubuhi pale relini tusi liliruka dirishani, mafundi wakipiga kelele: "Inazunguka! Inazunguka! Mbuzi, nyamaza!" Nikifika Karavia na kuzima injini, nilijibu lile la asubuhi kwa sauti kuu mbele ya matofali, na seremala akaandika alama, kisha jioni akampelekea Mama Chola jibu kama barua. Mwanzoni niliona ni mateso. Jibu tamu lilinijia karibu na reli, na ilibidi nilikataze kama mtu anavyokataza mtoto kuingia sebuleni penye wageni. Mara mbili, akili ikianza tu kushuka, Papa Ilunga aligonga dashibodi kwa kidole kimoja: ko! Mara ya tatu, nilijua, hangegonga.

Siku ya mwisho ikafika. Mama Chola alivaa kitambaa kipya cha kichwa. Walimpa benchi la kwanza, nyuma ya kichwa changu, kioo cha nyuma kimefunguliwa. Papa Ilunga alikuwa pembeni yangu, kijiti mdomoni. Nyuma mafundi walikuwa thelathini na wanne, na nadhani wengine sita ambao hawakuwa mafundi wala hawakuwa na kazi Karavia.

Nikawasha. Nikasali pia, zile sala za Papa Ilunga, zote mbili.

"Tunatoka," nikasema. "Mkokoteni wa kuni. Mama na mtoto mgongoni. Baiskeli, amenitazama. Baiskeli, hajanitazama."

Sauti ilianza nyuma ya sikio langu. Nilisikia inavyoanza, kama unavyosikia mvua ikianza kwenye bati. Baadaye ikawa mvua tu. Mafundi walikuwa wanalia kwa kicheko, lori linatikisika, lakini mimi nilikuwa na barabara. "Mbwa wawili. Shimo, kulia. Wanafunzi, wanne, wa tano yuko nyuma ya mti. Reli. Bendera imekunjwa. Mzee Lubinda amevua kofia. Tunavuka. Tumevuka."

Mbele ya kona ya Karavia kulikuwa na upepo. "Majani yanalala," nikasema, "upepo toka kushoto. Baiskeli. Mtu amebeba mlango kichwani."

Alikuwa seremala, anaendesha baiskeli kwa mkono mmoja, mlango mzima wa mbao ameulaza kichwani ameushika kwa mkono mwingine. "Mlango ni mpana," nikasema. "Upepo utamgeuza." Mguu wangu ulikuwa umeshatoka kwenye mafuta kabla neno halijamaliza. Na upepo ukamgeuza. Mlango ukazunguka kama ukurasa, yeye na baiskeli wakazunguka nao, wakaja kukaa katikati ya barabara mbele yangu, mlango umesimama wima kana kwamba unanikaribisha ndani.

Lori lilikuwa limeshasimama. Kati ya bampa na mlango ule ningeweza kupitisha kiganja. Papa Ilunga alishuka akakipitisha, ili ajue.

Yule mtu akachungulia pembeni ya mlango. "Pole, Papa," akasema. "Upepo."

"Niliuona," nikamjibu.

Kisha nyuma mlipuko: "Imesimama! Magurudumu imesimama! Mbuzi, jibu! Jibu sasa!" Walipiga mabati kwa ngumi. Nikageuka kwenye kitundu cha kioo. Mama Chola alikuwa ameinama karibu, jasho linamtiririka, macho yanang'aa kama mtu aliyetumia siku nzima kukata kuni.

Nikafungua kinywa. Wenzangu, mimi niliyezaliwa ninaongea, mimi mwenye cheti! Hapakuwa na kitu. Nilitafuta kona zote za kichwa, nikakuta mbwa wawili, shimo la kulia, mtoto wa tano nyuma ya mti. Jibu, hakuna hata nusu.

"Mama," nikasema, "ulisema nini?"

"Eh?"

"Sikusikia."

"Haukusikia lile ya masikio?"

"Hapana, Mama."

"Na ile ya mke yako na manivela? Na ile ya nkambo yako, babu Mbuzi, aliuza mukia? Ile nilitafuta juma muzima!"

"Hata moja, Mama. Nisamehe."

Walicheka hadi mtu mmoja akaanguka toka benchini. Mama Chola hakucheka. Alinitazama, akafuta uso wote kwa ncha ya kitambaa kipya. Kisha akapiga bega la Papa Ilunga, aliyekuwa amerudi kitini.

"Ba Ilunga. Mumuachie volani yake."

Papa Ilunga alitoa kijiti mdomoni, akakitazama, akakitupa nje. "Iko yake," akasema. Kwa Papa Ilunga hiyo ilikuwa hotuba.

Nikashika gia ili tuondoke.

"Hapana!" Mama Chola akapiga bati. "Unaenda wapi? Zima ile kitu!"

Nikazima. Akakaa vizuri kwenye benchi, akatengeneza kitambaa cha kichwa, akakohoa, akaanza upya tangu Kenya, tusi la kwanza, taratibu, moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja, na lori zima likangoja pale kando ya barabara, pamoja na yule mtu aliyekalia mlango wake. Tulichelewa kazini sote. Nikayajibu yote.